Kula Mbele ya Macho ya Watu

Katika nyumba za kupanga za Mbagala, Tandika, Tandale na Mwananyamala jijini Dar es Salaam, kula ni jambo la hadharani hata kwa asiyependa. Vyumba sita au vinane vinatazama ukumbi mmoja, majiko ya mkaa yako uani, na harufu ya dagaa wa kukaanga haibishi hodi. Ndiyo maana uswahilini kuna adabu nyingi ndogondogo kuhusu jambo hili, ambazo hakuna aliyeziandika na kila mtoto anazijua kabla hajaanza shule. Anayekula akimwona mtu anapita husema, "Karibu tule." Anayekaribishwa, hata kama tumbo linanguruma, mara nyingi hujibu, "Asante, endeleeni," au hunawa akamega tonge moja mbili asije akaonekana ana maringo. Mama akimwona jirani anapakua humwita mwanawe ndani kwa kisingizio chochote, asisimame pale akakodoa macho na kuitwa mdoezi. Na jirani naye, akishamwona mtoto amesimama, hujua kwamba hawezi tena kuendelea kula kana kwamba hakumwona. Adabu hizi huvunjwa kila siku, kwa kufunga mlango na kushusha pazia. Lakini hata kufunga mlango ni kuzikiri: anayejificha kula anajua kwamba akionekana atadaiwa.

Katika ua huohuo imeingia skrini. Kwa dishi, kwa king'amuzi na zaidi kwa simu, vinafika vipindi ambavyo ndani yake mtu anakula mbele ya mamilioni, tena anakula kwa kushindana, nani atamaliza vingi zaidi kabla saa haijalia. Mama wa vipindi hivi ni mashindano ya kula mikate ya soseji yanayofanyika kila tarehe 4 Julai huko Coney Island, New York, kwa jina la kampuni ya Nathan's Famous. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba yalianza mwaka 1916. Mwaka 2010 mpiga debe wake wa zamani, Mortimer Matz, alikiri kwamba hadithi hiyo ilipikwa ili kuuza soseji, na kumbukumbu za kuaminika zinaanzia miaka ya 1970. Mwaka 2001 kijana kutoka Japani, Takeru Kobayashi, alikula 50 kwa dakika 12 wakati rekodi iliyokuwepo ilikuwa 25 na ushei. Mwaka 2021 Mmarekani Joey Chestnut alifikisha 76 kwa dakika 10. Kituo cha ESPN huyatangaza kama kinavyotangaza mpira, na Septemba 2024 Netflix iliwakutanisha wawili hao Las Vegas: Chestnut 83, Kobayashi 66. Korea Kusini nako, tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, kumezuka mtindo uitwao mukbang, wa mtu kukaa mbele ya kamera na kula chakula kingi huku akizungumza na wanaomtazama. Vipande vya haya yote hukatwa, hutiwa maneno ya Kiswahili na vichekesho, kisha huzunguka kwenye simu kutoka Bunju hadi Chamazi. Nataka kuuliza ubaya wake ni upi hasa. Jibu la haraka ni ulafi. Kwa maoni yangu jibu hilo limekosea mlengwa, na kwa kukosea linatuzuia kuona kosa lilipo.

Lakini kwanza vitendewe haki, maana mvuto wake si wa kijinga. Kijana anayebeba mizigo soko la Tandika, aliyepiga pasi ndefu tangu alfajiri kwa chai ya rangi na andazi moja, akimwona mtu amezungukwa na sahani ishirini anaona kitu ambacho ngano za maskini wa kila nchi zimekisimulia: siku ambayo tatizo si kukosa bali kumaliza. Kuna pia mchezo wenyewe. Saa inahesabu, jasho linatoka, mmoja anapunguza kasi, mwingine anainua kichwa kuangalia sahani ya mwenzake, na mtazamaji anajikuta ameegemea mbele bila kujua. Tena ni mchezo ambao kila mtu ana vifaa vyake. Si kila mtu anaweza kujiona akipiga chenga kama mchezaji wa Simba au Yanga, lakini hakuna asiyewahi kushiba sikukuu ya Idi akaambiwa aongeze kijiko kimoja cha pilau. Mtazamaji anapima kwa tumbo lake. Na gharama yake inaonekana ndogo, ni bando tu. Katika kisa cha Abunuwasi kinachosimuliwa mpaka leo, tajiri anamshtaki maskini aliyeshushia chakula chake kikavu kwa harufu ya nyama ya tajiri, na Abunuwasi anaamua kwamba deni la harufu lilipwe kwa mlio wa sarafu. Tajiri yule angefungua kesi yake leo angeshinda. Tunalipa fedha halisi kutazama nyama ambayo hata harufu yake haitufikii.

Sasa turudi kwenye ulafi. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anamtaja mlafi mmoja aliyeomba koo lake liwe refu kuliko la korongo, kwa kuwa raha yake ilikuwa katika kule kupita kwa chakula kooni, na alitaka kidumu njiani. Thomas Aquinas, karne ya 13, aliorodhesha njia tano za kutenda dhambi hiyo: kula kabla ya wakati, kula vya gharama mno, kula vingi mno, kula kwa pupa, na kula vilivyoandaliwa kwa madaha kupita kiasi. Ukisoma vizuri utaona kwamba wote wawili wanazungumzia tamaa: mlafi ni mtu aliyeshindwa na utamu. Mshindani wa televisheni hashindwi na utamu hata kidogo. Kobayashi alipovunja rekodi alikuwa akitenganisha soseji na mkate, akiikata soseji vipande viwili na kuisukuma mdomoni, kisha akiuchovya mkate kwenye kikombe cha maji, akiukamua na kuumeza kama bonge la uji. Mlafi wa Aristotle angekimbia akiletewa chakula cha namna hiyo. Yeye alitaka koo refu, huyu anataka koo fupi na pana, kinywa kisicho na ulimi, na chakula kisicho na ladha ya kumchelewesha. Kwa hiyo mhubiri anayesimama na kusema kwamba vipindi hivi vinafundisha watu kupenda mno chakula amepiga pembeni. Ndani ya vipindi hivi chakula hakipendwi na mtu yeyote. Kimefanywa kizingiti cha kuruka.

Wengine watasema basi tuache roho, tuzungumzie mwili, na ushahidi upo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walimchunguza kwa eksirei mshindani mmoja wa kula akiwa anakula, wakamlinganisha na mtu wa kawaida mwenye hamu nzuri ya chakula. Wa kawaida alikomea mikate 7, akakataa kuendelea. Mshindani alipofikisha 36 ndani ya dakika 10, madaktari wenyewe ndio walioomba aache, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa limetanuka likawa mfuko mkubwa usiojikunja wala kusaga, naye bado hajisikii kushiba. Walionya kwamba mwisho wa safari hiyo unaweza kuwa tumbo lililopooza na kichefuchefu kisichokoma. Mwaka 2002, wakati Japani ilikuwa imekolea vipindi hivi, mwanafunzi mmoja alikabwa na mkate shuleni akiiga kula kwa kasi, akafa, na vituo vya televisheni vikavisitisha kwa muda. Hoja ya mwili ina uzito, lakini haitoshi. Kinondoni na Temeke ni nyumbani kwa ngumi, na ngumi huharibu ubongo. Mbio ndefu huua watu mmoja mmoja. Hatujaona msikiti au kanisa likifunga uwanja kwa sababu hiyo. Wala ushindani wenyewe si kosa. Uwanja wa Mkapa ulioko Temeke, unaochukua watu wapatao 60,000, umejaa kwa mechi za watani wa jadi, na katika mwezi wa Ramadhani umejaa pia watu waliokuja kusikiliza mashindano ya kusoma Qur'ani. Ikiwa kuna kosa la pekee katika kushindana kula, lazima litoke kwenye kile kinachofanya kula kusiwe kama ngumi wala mbio. Ngumi ni yangu na mbio ni zangu. Chakula, kwa mila zetu na kwa dini zetu zote mbili kubwa, hakijawahi kuwa changu peke yangu kikamilifu.

Waislamu wanaposhutumu vipindi hivi hukimbilia aya inayoamrisha kula na kunywa bila israfu, na hadithi inayogawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Ni sawa, lakini hizo zinamhusu mtu na tumbo lake. Kuna nyingine ambayo haitajwi sana nami naiona imelenga palepale. Imepokelewa na Ibn Umar, imo katika Bukhari na Muslim: Mtume alimkataza mtu anayekula tende pamoja na wenzake asichukue mbili kwa mpigo mpaka wenzake wamruhusu. Tende ya pili haimdhuru mlaji. Haina israfu wala ugonjwa, na pengine ni tende kavu isiyo hata na raha. Kosa lake ni kwamba kuna wenzake pale, na kasi ya mkono mmoja inapunguza haki ya mikono mingine. Ni fiqhi ya sinia. Aliyekula sinia moja na watu watano anajua kwamba mwenye kasi ni mwizi wa waziwazi, na mwenye adabu hula cha mbele yake, husukuma kipande cha nyama upande wa mgeni, na hainui mkono kabla ya wengine hata kama ameshiba, asije akawaaibisha wenye njaa zaidi. Upande wa Wakristo, Paulo anawaandikia watu wa Korintho, katika sura ya 11 ya waraka wake wa kwanza, kwa hasira ambayo si ya kawaida hata kwake. Kisa ni nini? Wakikutana kwa meza ya Bwana kila mmoja anatangulia kula chakula chake, huyu anabaki na njaa na yule amelewa, na wasio na kitu wanaaibishwa mbele ya ndugu zao. Dawa anayowapa mwishoni si kula kidogo. Anawaambia wangojane. Sijui amri inayopingana zaidi na saa ya dakika kumi.

Hapo atatokea mwenye akili akauliza: wenzake hao wako wapi? Kwenye jukwaa kila mshindani ana sahani yake, imelipiwa na mdhamini, hakuna aliyenyang'anywa. Mkate usipoliwa Coney Island hautasafiri kuja Mbagala Kuu. Hili ni kweli, na wanaopinga vipindi hivi kwa kusema "wakati watoto wetu wana njaa" wanapiga hesabu isiyojumlishika. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wamedumaa kwa umaskini, kwa maradhi ya kuhara, kwa uji usio na kitu ndani yake, kwa mama aliyejifungua akiwa dhaifu. Chestnut hana mkono humo. Hoja yangu haihesabu mikate. Mwenzake wa mshindani ni yule anayetazama, na hakupita njia kwa bahati mbaya kama mpangaji anayekwenda kuteka maji. Ameitwa. Kamera imegeuzwa kumwelekea, sauti ya kutafuna imewekewa kipaza sauti ili imfikie, sahani zimepangwa kwa kumfurahisha jicho. Uani, kuonekana unakula ni ajali inayozaa wajibu. Kwenye skrini kuonekana ndiyo shabaha nzima, na wajibu umefutwa kabisa. Hakuna wa kusema karibu na hakuna wa kujibu asante.

Je, hilo ni kosa au ni hali tu ya chombo? Mtu anaweza kusema kwamba hata kipindi cha mapishi hakimkaribishi mtazamaji mezani. Lakini kinampa kitu cha kuondoka nacho. Mama aliyetazama jinsi ya kupika katlesi au kunogesha tambi saa tisa alasiri ya Ramadhani ataingia jikoni, na jioni watoto wa jirani watakula. Kipindi cha mapishi kinamweka mtazamaji upande wa mpishi, yaani upande wa atakayelisha. Kipindi cha kushindana kula kinamweka upande wa mtoto aliyesimama mlangoni, kisha kinamzoesha kufurahia kusimama pale. Na mazoea hayaishii kwenye skrini. Ile adabu ya jirani ya kushindwa kumeza tonge mbele ya mtoto wa mwenzake haikutokana na darasa. Ni jicho lililozoezwa tangu utotoni kuona mtu pamoja na sahani, kwa mpigo mmoja, kama jambo moja. Jicho hilo linaweza kuzoezwa vinginevyo. Siwezi kuthibitisha kwa takwimu kwamba limeshazoezwa, na sitadai hivyo. Nasema tu kwamba mtu akitumia saa nyingi kutazama kula ambako hakuna mtu wa pili ndani yake, asishangae akianza kuona hata sahani ya mama lishe kama picha, na mpita njia kama mtazamaji.

Pingamizi zito zaidi linatoka nyumbani kwetu. Sisi tunaosifu karibu ya Waswahili tunasahau kwamba pwani hii ilishindana kwa chakula kabla televisheni haijazuliwa. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu miji ya pwani ya Mrima karne ya 19, ameeleza jinsi waungwana wa Pangani na majirani zake, pamoja na wageni waliotaka kuhesabiwa waungwana, walivyogombea cheo kwa karamu. Jina la mtu lilipanda kwa kadiri alivyolisha, na karamu ilikuwa silaha. Margaret Strobel ameandika kuhusu vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa, ambao walishindana kwa ngoma, kwa mavazi na kwa kulisha watu mpaka gharama zikawa kelele. Wala hatujaacha. Harusi ya Dar es Salaam ya leo ina kamati, vikao, na mchango unaoamua kama utapewa kadi ya mtu mmoja au ya wawili, kiasi kwamba mgeni anajinunulia sahani yake halafu anashukuru kwa kualikwa. (Masheikh wanaolalamikia pilau la hitima wangefanya vema kupitia na kumbi za harusi.) Dini nayo ililiona zamani: katika mkusanyiko wa Abu Dawud, kwa upokezi wa Ibn Abbas, Mtume alikataza kula chakula cha watu wawili wanaoshindana kukirimu, kwa kuwa karamu hiyo ni majivuno yaliyovalishwa kanzu ya ukarimu. Basi siwezi kusema mababu walikuwa safi na televisheni ndiyo imetuharibu. Walikuwa na majivuno yaleyale, na wengine walifilisika kwayo. Hata hivyo tofauti ipo. Katika ushindani wa zamani huwezi kushinda bila matumbo ya wengine. Aliyeshinda na aliyeshindwa, wote wawili wamewaacha watu wameshiba, na maskini aliyekaa mwisho wa jamvi alipata fungu lake kutokana na kiburi cha mwingine. Hata leo mambo hayo yanawezekana mbele ya kamera. Mwezi Mei 2023 huko Lagos, Hilda Baci alipika kwa saa 93 na dakika 11, akaingia kwenye kitabu cha Guinness, na watu waliofika walikula alichopika. Ilikuwa rekodi, ilikuwa sifa, ilikuwa biashara pia, lakini sufuria zake zilikuwa na upande wa pili. Ushindani wa kula umeugeuza mchezo huo ndani nje: sifa sasa ni ya anayepokea, na mwingine yeyote aliyepo ni wa kupiga makofi.

Kwa sababu hiyo siyaweki mashindano haya ya kula kapu moja na michezo ya mabonanza yetu, ingawa kwa juujuu yanafanana. Mei Mosi au siku ya bonanza la kata, baada ya kuvuta kamba na kukimbiza kuku, meza ya plastiki huletwa katikati ya uwanja, soda za moto hupangwa, na wazee wazima husimama kushindana nani atamaliza chupa kwanza bila kutoa gesi puani. Wakati mwingine ni mkate mkavu, wakati mwingine sahani ya ugali. Watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Lakini wanayemcheka wanamjua jina, wanajua anakoishi, kesho atawacheka yeye. Ni utani, na utani hapa kwetu una kanuni zake; msibani mtani anaweza hata kunyakua sahani ya wafiwa na asilaumiwe, kwa kuwa kunyakua huko ni njia ya kusema tuko pamoja. Ondoa kule kujuana, chukua kipande cha sekunde thelathini cha mbeba mizigo akijisokomeza ugali mbele ya mdhamini aliyevaa fulana ya kampuni, kipeleke kwa watu laki mbili wasiomjua, na kicheko kinabadilika. Sasa wanacheka njaa. Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza, walisema wahenga, na hapo mlevi wa shibe anamtazama mwenye njaa akilegea.

Atasema huyo mbeba mizigo: niacheni, ni hiari yangu, na laki moja ya zawadi ni kodi ya miezi miwili. Anasema kweli. Simlaumu yeye, na wanaomlaumu wamechagua mtu wa karibu kumfikia kwa fimbo. Fiqhi inaweza kumuuliza maswali mawili. Je, kila mshiriki ametoa kiingilio ili mshindi abebe chote? Basi ni kamari, hakuna mjadala. Na je, zawadi yenyewe inafaa kwa jambo hili? Wanazuoni wa Kishafi, ambao ndio wengi pwani hii, waliibana zawadi ya mashindano kwenye mishale, farasi, ngamia na vinavyofanana navyo kwa manufaa ya kujihami, na sioni jinsi soseji zitakavyopenya mlango huo. Lakini deni zito liko kwa aliyepanga onyesho na kwa sisi tunaotazama, ambao tumeweka bei juu ya jambo ambalo huyo kijana angeona haya kulifanya bure mbele ya mama yake mkwe.

Kuna aina moja ya watazamaji ninayoisitia kuihukumu. Mukbang ya Korea ilikua katika miji ambayo watu wengi wanaishi peke yao na wanakula peke yao; mtu anaweka simu mbele ya bakuli lake ili asikie sauti nyingine ikitafuna. Vyumba vya namna hiyo sasa viko Tegeta na Toangoma pia. Mlinzi wa usiku anayelala mchana, mfanyakazi wa kiwandani aliyeacha familia Kigoma au Mtwara, anakula wali maharage aliofungiwa kwenye mfuko na mama lishe huku simu imeegemezwa kwenye ndoo. Kwake kipindi kile ni mfano wa sinia, sinia mbovu lakini sinia. Hoja yangu haimfikii kwa ukali uleule, maana yeye haangalii kula asikokaribishwa. Yuko mezani na anayemtazama, kwa kiasi. Ningependa tu jirani wa chumba cha pili agonge mlango. Kuhusu serikali, China ilipitisha sheria mwezi Aprili 2021 inayotoza faini ya mpaka yuan 100,000 kwa vyombo vinavyorusha vipindi vya kula kupita kiasi. Lengo la sheria hiyo ni kuzuia kutupa chakula, na kwa lengo hilo huenda inafaa. Hapa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikifuata njia hiyo itakamata sahani zilizobaki nusu na kuacha lile ninalolilalamikia, kwa kuwa mshindani hodari habakishi kitu. Amemaliza zote, meza imekuwa safi, sheria haina la kusema.

Mwaka 2024 Kobayashi alitangaza kwamba anastaafu. Katika filamu ya maelezo ya Netflix iliyotoka mwaka huohuo alikuwa ameeleza kwamba hasikii tena njaa. Anaweza kukaa bila kula na mwili usimdai. Miezi michache baadaye alirudi jukwaani Las Vegas akala mikate 66 na kushindwa. Kwa mtu aliyelelewa katika mji unaofunga Ramadhani, habari hiyo inazua swali gumu kuliko la kalori. Mtu wa namna hiyo akisilimu na kunuia swaumu, akajizuia kuanzia alfajiri mpaka adhana ya magharibi, mafakihi watamwambia funga yake imesihi, kwa sababu nguzo zake ni nia na kujizuia, na njaa haimo katika masharti. Lakini mawaidha karibu yote tunayoyasikia mwezi huo yanadhani njaa ipo: kwamba tumbo lako leo linakuambia jambo kuhusu tumbo la jirani ambalo hukulijua jana. Yeye saa kumi na mbili na nusu jioni atakaa jamvini Magomeni kati ya watu waliochoka, tende zitapitishwa, na atakuwa mtu pekee pale asiyejua kwa nini mikono ya wenzake inatetemeka. Hataweza kuwasoma. Na kama ile hadithi ya tende mbili inategemea mtu kuijua hali ya wenzake ndipo mkono wake ujizuie, basi kilichochukuliwa kwake na miaka ishirini ya mashindano ni kikubwa kuliko tumbo, na hakuna aliyekuwa akitazama aliyeona kikiondoka.